Karanga za Kimamba, bia mbili na dogo wa Kidato cha Tatu

Najua nimepotea. Sikufukuzwa chuo na wala sijaoa. Nilikuwa field, TP, mazoezi ya kufundisha, iite unavyotaka: wiki nane Kimamba, huko Kilosa, nafundisha Historia na Kiswahili. Nimerudi hapa Mkwawa juzijuzi, mweusi kwa jua na kitambi kinaanza, na kila anayeniona ananiuliza swali moja: "Sasa huko ulikuwa unakula nini?" Wanauliza kwa sauti ya pole, kama vile nimetoka jela.

Leo najibu. Ila nikishajibu, nina jambo limenikaa kooni tangu mwezi wa nane. Linahusu bia, kitafunwa chake, na mtoto aliyekuwa anatuletea.

Nianze kwa kujisema mwenyewe. Naondoka Iringa nina begi la nguo, boksi la biskuti, pakiti sita za tambi na kopo la siagi ya karanga. Siagi ya karanga jamani! Mtu mzima, mwalimu mtarajiwa, nabeba karanga za kopo kupeleka Kilosa. Ni sawa na kupeleka maji Ziwa Viktoria. Lakini si ndivyo tunavyokwenda field wote? Tunaamini chakula kinaishia pale ambapo lami inaishia.

Basi likanishusha Mikumi. Wanaotoka Dar wanapita kwanza katikati ya hifadhi wakichungulia twiga bure dirishani, sisi wa Iringa tunashuka kabla ya twiga. Mikumi ni mji wa barabara kuu, na chakula chake ni cha barabara kuu: chipsi, yai, kuku, nyama ya haraka haraka, dereva anapiga honi. Hakina ubaya, ila ni kilekile utakachokuta Ruaha Mbuyuni na Chalinze. Ukitaka kujua watu wa Kilosa wanakula nini lazima uiache lami. Nikadandia gari la Kilosa kwa njia ya vumbi, tukapita Ulaya. Ndiyo, kuna kijiji kinaitwa Ulaya, kati ya Mikumi na Kilosa. Nimefika Ulaya bila viza na nimekula mhogo huko, msiniringie tena na picha zenu.

Kimamba yenyewe ni mji mdogo wa reli na mkonge. Reli ni ile ya Mjerumani, iliyoanza kujengwa kutoka Dar mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914. Treni ya umeme iliyoanza safari za Dar hadi Dodoma mwaka 2024 ina stesheni Kilosa mjini, kwa hiyo wa Kimamba wanasogea hapo kuipanda. Mkonge ndio uliowaleta watu. Mmea wenyewe mgeni, uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na mashamba yalipokua yakataka mikono ambayo wenyeji Wasagara na Wakaguru hawakutosha, au hawakutaka. Ndipo manamba wakaja: Waha kutoka Kigoma, Wanyamwezi, Wangoni, Wabena, Wamakonde wa huku na wa Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda hadi ofisi ya kuwasaka watu, SILABU. Mtu anapewa kipande, siku 30 za kazi ndiyo mshahara, na posho ya unga na maharage. Wengi hawakurudi kwao. Wajukuu zao ndio waliokuwa mbele yangu darasani, na wake zao na mabinti zao ndio waliokuwa wananilisha.

Sasa unaelewa kwa nini nasema mji mdogo kama ule una chakula kingi kuliko unavyodhani. Kila nyumba ina jiko la mahali pengine. Hapa mtu anatwanga kisamvu kwa karanga, nyumba ya pili wanaunga mbaazi kwa nazi, ya tatu mlenda na ugali wa mtama. Wafugaji wanapita na maziwa. Na ukitembea tembea saa kumi jioni unakutana na kitu ambacho mimi sasa nakiita utajiri wa Kimamba: akina mama wanaoandaa vitafunwa vya watu wa jioni. Bagia za kunde. Njugu mawe za kuchemsha na chumvi, unazimenya moja moja. Mhogo uliochemshwa kwanza ndiyo ukakaangwa, nje unapasuka ndani laini. Dagaa waliokaushwa wakakaangwa mpaka wanalia mdomoni, na pilipili pembeni. Mayai ya kuchemsha yanayopasuliwa na kujazwa kachumbari. Na karanga.

Kwa siku mbili tatu za mwanzo nilikuwa najificha. Mwalimu mgeni anapokunywa bia kwenye mji mdogo, kesho yake hadi mama wa maandazi anajua ulikunywa ngapi. Lakini Ijumaa ya kwanza mwalimu mwenyeji wangu, mzee wa watu, akaniambia, "Kijana wangu, twende ukapoze koo, chaki inakausha." Tukaenda grosari moja karibu na reli. Viti vya plastiki, redio inakoroma, muhudumu anauliza swali la taifa: "Ya moto au ya baridi?" Mzee akachukua ya moto, mimi ya baridi. Nikaagiza nusu kilo ya nyama, kama kawaida yetu. Mzee akaniangalia hivi, akasema, "Umepokea mshahara?"

Hapo naomba tuongee ukweli sisi wenyewe kwa wenyewe. Hapa chuoni tunajua namna mbili tu za kunywa. Boom likitoka tunakaa mezani na kitimoto au mbuzi, tunakula kwa fujo, picha, makelele. Wiki ya tatu hela imeisha, tunakunywa kavu kavu. Posho ya kujikimu ya mkopo ilipanda mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000, na bado mwanafunzi anaweza kuimaliza yote kwenye meza moja, kisha akanywa siku tano zinazofuata bila kitu tumboni. Tunaona kama kula ni kupunguza ladha ya bia, au kupoteza hela ya bia nyingine. Tumbo likiwa tupu, pombe inateremka upesi kwenye utumbo mwembamba na ndipo inaponyonywa kwa kasi. Likiwa na chakula, hasa chenye mafuta na protini, mlango wa tumbo unachelewa kufunguka na kichwa nacho kinachelewa kupotea. Hii haihitaji profesa. Nina rafiki yangu, simtaji, mwaka jana alikunywa kavu kavu siku ya kufunga mitihani akadondoka ngazini, meno mawili yakaenda. Bia alizokunywa zilikuwa nne tu! Fungu moja la karanga lingeweza kubadilisha ule usiku.

Kwa hiyo hoja yangu ya kwanza ni hii na siifichi: kitafunwa bora cha bia Tanzania hii si nyama choma. Ni karanga, njugu, bagia na mhogo vilivyotengenezwa nyumbani na mtu anayejua. Nyama inakufanya ule ukashiba ukasahau bia, halafu bili inakukumbusha. Karanga inakwenda na maongezi. Unamenya, unatafuna, unasikiliza, unachukua funda. Wale wazee wa Kimamba wanakaa na chupa moja saa nzima na hawalewi, kwa sababu vidole vina kazi.

Na karanga za pale, jamani. Usiku ule wa kwanza akaja dogo na ndoo ndogo ya plastiki, ndani vifuko, akaweka kimoja mezani bila kusema. Nikaonja. Zilikuwa bado na joto, chumvi imeingia ndani kabisa, si ile ya kubaki kwenye vidole. Nikanunua cha pili, cha tatu. Mzee anacheka. Mwanga wa grosari ulikuwa hafifu, na dogo alikuwa ameinamisha uso, kofia imeshuka. Nikasema, "Dogo, zako kali, kesho uje tena." Akasema, "Sawa, sir."

Sir! Hapo ndipo nilipomtazama vizuri. Alikuwa mwanafunzi wangu, Kidato cha Tatu, dawati la nyuma kushoto.

Sasa naomba muelewe. Huyu ndiye aliyekuwa analala kwenye kipindi changu. Nilikuwa nafundisha uchumi wa kikoloni, mashamba makubwa, vibarua wa kuhama, mkonge, kwa Kiingereza kama mtaala unavyotaka, na yeye kajilaza, mate kwenye daftari. Wiki ile nilikuwa nimemsimamisha mara mbili. Nilimwita mvivu mbele ya wenzake. Mjukuu wa manamba analala wakati mimi namsomea habari za babu yake kwa lugha ya watu, na nilijiona mimi ndiye mwenye uchungu na elimu. Kumbe anatembea baa hadi baa mpaka saa tano usiku ili mimi na wenzangu tusinywe kavu kavu.

Nikamuuliza mwalimu mwenyeji njiani. Akasema anajua, wote wanajua, wako kama sita pale shuleni. "Ukimkataza, mama yake atauza wapi?" Akaniacha nalo.

Sheria iko wazi, nilikwenda kuisoma. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Mwenye baa haruhusiwi kumwingiza mtoto, na kazi ya usiku kwa mtoto, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, imekatazwa. Dogo ana miaka kumi na sita. Kwa hiyo pale mezani, kuanzia mnywaji, mwenye grosari, hadi mwalimu wa mazoezi mwenye chupa ya baridi, sote tulikuwa upande mbaya. Lakini sheria hiyo haijui bei ya daftari.

Jumamosi mchana nikaenda nyumbani kwao. Nilipiga hodi, mama akatoka na mikono ina chumvi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu, karibu. Kafanya nini huyu?"

"Hajafanya kitu mama. Nimekuja kununua karanga."

Alicheka mpaka akakaa. Mwalimu anatembea jua lote lile kwa ajili ya karanga! Akanipa kigoda, akaendelea na kazi, na mimi nikapata somo ambalo chuoni halipo. Kwanza anachambua. Zenye ukungu, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, anatupa, hawapi hata kuku. Hapo nikamkubali, kwa sababu sumukuvu haiondoki kwa kukaanga. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu ya kwenye mahindi, na sumu hiyo inapiga ini, lilelile ambalo bia inalifanyisha kazi. Kisha anaziloweka kwenye maji ya chumvi kidogo, anazichuja, anazianika mpaka zikauke juu. Kwenye sufuria kuna mchanga, mchanga safi wa mtoni aliochekecha na kuosha, anaupasha mpaka unakuwa moto sawasawa. Ndipo karanga zinaingia, na mwiko hausimami. Mchanga unazunguka kila punje, hakuna inayoungua upande mmoja. Zikianza kutoa mlio wa kupasuka, anaziopoa kwa chekeche, mchanga unabaki chini. Basi. Hakuna mafuta hata tone.

(Mabano kidogo. Waingereza walikuja kulima karanga jirani na hapa, Kongwa, kuanzia mwaka 1947, kwa matrekta na mpaka vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Ardhi ikawashinda, mvua ikawashinda, mradi ukafungwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Mama huyu ana shamba la kukodi, pungufu ya ekari moja, na jembe. Nimefunga mabano.)

Baadaye nikaingiza mada yangu, kwa upole. Nikamwambia dogo analala darasani. Alinyamaza, mwiko unazunguka. Akasema, "Mwalimu, ada Serikali imefuta, kweli, tangu 2016. Daftari imefuta? Sare je? Mchango wa chakula cha mchana hapo shuleni kwenu?" Sikuwa na jibu. Nikasema, basi mama usiende yeye, nenda mwenyewe. Akanitazama kama mtoto mdogo. "Mimi mjane nizunguke kwenye pombe saa nne usiku? Kesho mtaa mzima utanisema. Mtoto wa kiume hasemwi."

Wadau, nimekaa madarasani miaka miwili nasoma saikolojia ya elimu na misingi ya malezi. Hiyo sentensi haimo kwenye notsi zangu.

Tulichofanya ni kidogo. Sisi walimu wa mazoezi tulikuwa wanne kwenye nyumba moja. Tukakubaliana bia zetu za wikiendi tunywee nyumbani, barazani, na vitafunwa tununue mchana kwa akina mama: kwake karanga, bagia kwa mama wa nyumba ya pili, njugu mawe sokoni. Mimi nikawa mpishi wa mhogo. Mwanzo waliona ushamba, kufikia Jumamosi ya tatu walimu wenyeji wakawa wanakuja na viti vyao. Na nitasema bila aibu, sijawahi kunywa bia tamu kama zile mbili mbili za baraza la Kimamba, sufuria la njugu katikati, maganda chini, watu wanabishana Simba na Yanga. Hela niliyotumia wiki nane haifiki ile ya meza yetu moja ya siku ya boom. Tambi zangu nilizirudisha Iringa pakiti tano.

Ila wanywaji wanne hawajazi ndoo ya mama. Nikarudi grosari nikamwambia mwenye nayo: chukua karanga kwa mali kauli. Mama anakuletea jioni vifuko arobaini vimehesabiwa, unaviweka kwenye chupa ya kioo kaunta, asubuhi anakuja kuchukua hela yake na vilivyobaki. Mtoto anabaki nyumbani. Akasema, "Mwalimu, wahudumu wangu watazila hizo." Nikamwambia si ndiyo maana zimehesabiwa? Alikuna kichwa wiki nzima. Wiki ya sita nikakuta chupa ipo kaunta, na mteja anayeagiza bia anapunguziwa safari ya kusubiri dogo apite. Grosari ya pili ilikataa. Huko dogo aliendelea kwenda, ila siku tatu kwa wiki badala ya sita, na darasani alianza kuwa macho siku za Jumanne na Alhamisi. Nilikuwa nazihesabu.

Mtaniambia hilo si kazi ya mwalimu. Mimi naona ni kazi ya mnywaji kwanza. Tunajua kulalamika bia imepanda, kitimoto kimepanda, lakini kile kifuko tunachokitupia sarafu bila kuangalia uso wa aliyekileta, hatujawahi kuuliza kimetengenezwa na nani na aliyekileta kesho anaamkia wapi. Mwezi wa saba mwakani wengine wenu mtapangiwa miji midogo kama ile, mtalia, mtafunga maboksi ya biskuti. Nawaomba acheni biskuti. Fikeni, ulizeni akina mama wanakaanga nini na saa ngapi, nunueni mchana, kwa mkono wa mama mwenyewe. Na akija mtoto mezani usiku, muulize yuko kidato cha ngapi kabla hujamwambia zako kali, uje tena kesho. Mimi nilimwambia hivyo, na bado nalisikia neno lile la "sawa, sir".

Nimerudi na kilo tatu. Jumamosi tuko kwa mshkaji aliyepanga mtaani, maana hosteli majiko ni marufuku na mimi mchanga wangu wa mtoni nimekuja nao. Atakayekuja aje na bia yake. Ukija na kitimoto hatukufukuzi, utakaa mwisho tu, teh teh.

Nilimwachia dogo namba yangu, kama akikwama Historia. Jana imeingia meseji kutoka simu ya mama yake: "Sir, tofauti ya manamba na kibarua wa kawaida ni ipi?" Nilifurahi nikaanza kuandika jibu refu. Ndipo nikaangalia saa iliyoingia. Saa nne na dakika kumi usiku. Sijui alikuwa anasoma au alikuwa amekaa nje ya ile grosari ya pili, ndoo miguuni. Nilipiga, haikupokelewa.